Ukimaliza Kulipa, Nani Anakurudisha Ulikotoka?

Mama mmoja anayeuza nguo za mitumba soko la Kibuye alikuja kwenye meza yetu ya huduma Jumatatu moja asubuhi, siku moja tu baada ya soko kubwa la Jumapili. Hakuja kulia wala kugombana na mtu. Aliweka simu yake mezani akatuambia: "Wanangu, mimi nilifanya vile mlisema. Sasa nionyesheni nilikosea wapi."

Tulikaa naye karibu saa nzima, tukirudi nyuma hatua moja baada ya nyingine. Mwishowe ilibidi tumwambie ukweli: hakuwa amekosea mahali popote. Tuliokosea ni sisi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumapili jioni, akiwa amekunja turubai na kuhesabu mauzo, alipata meseji ya WhatsApp kutoka kwa mtu waliyekuwa wakizungumza naye habari ya bale ya sweta za watoto. Mtu huyo alidai bale iko tayari kutoka Gikomba usiku huo huo, kilichobaki ni mama athibitishe akaunti yake ya malipo. Meseji ilikuwa na linki.

Sasa sisi, kwa miaka, tumekuwa tukiwaambia wateja wetu jambo moja: kabla hujabonyeza linki, angalia jina lililo mwanzo wake. Mama akaangalia. Jina lilikuwa letu, herufi kwa herufi. Akaangalia kama kuna kufuli. Lilikuwepo. Akabonyeza, na ukurasa uliofunguka ulikuwa ukurasa wetu wa kweli, si bandia. Akaandika namba ya simu na neno lake la siri, na mfumo ukamkubali.

Kisha ukurasa wetu ukafanya kile ulichoambiwa na ile linki. Ndani yake, mbali kabisa upande wa mwisho, palikuwa na maneno yanayosema: mteja huyu akimaliza kuingia, mrudishe hapa. Na "hapa" palikuwa kwa wezi. Ukurasa wao ulikuwa na rangi zetu, nembo yetu na hata namba yetu ya simu. Uliandika: "Neno la siri si sahihi. Jaribu tena."

Nani kati yetu hajawahi kukosea kuandika neno la siri kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka? Mama akaandika tena. Ukurasa ukamwomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Meseji hiyo ilitoka kwetu kweli, maana wakati huo huo wezi walikuwa wakiingia kwenye akaunti yake kwa zile taarifa alizowaandikia. Akaweka namba. Dakika chache baadaye, Sh23,600 alizotenga kununulia mzigo mpya zikawa zimeondoka.

Pesa zake tulimrudishia, kwa sababu mlango uliotumika ulikuwa wetu. Mlango wenyewe tuliufunga wiki hiyo hiyo. Lakini tumeona tuandike hapa wazi, kwa sababu tunaamini kampuni nyingi zinazoshika pesa za watu kwa simu bado zina mlango kama huo, na bado zinamwambia mteja kwamba usalama wake uko mikononi mwake peke yake. Hatukubaliani na hilo tena.

Kwa nini ukurasa unataka kukurudisha nyuma

Jambo lenyewe si baya. Ni huduma, na ni huduma nzuri.

Fikiria uko katikati ya kulipa bili ya maji. Umeshajaza namba ya mita na kiasi. Mteja anakuja, unamuuzia jozi mbili za viatu, unarudi kwenye simu. Muda umekwisha na mfumo unakutaka uingie upya. Ukishaingia, unataka kurudi pale pale kwenye bili yako, si kuanzia mwanzo kabisa. Kila ukurasa unaofunguka unakula bando, na bando ni pesa.

Au angalia eCitizen. Unatafuta huduma moja ya serikali, unapelekwa kwenye ukurasa mwingine wa kuingia, ukishaingia unarudishwa kwenye ile huduma uliyokuwa ukiitafuta. Bila njia hiyo ya kurudi, mtu angeingia halafu asijue aende wapi. Vivyo hivyo kwa duka la mtandaoni linalokupeleka kwa kampuni ya malipo: ukimaliza kulipa, lazima mtu akurudishe dukani ili uone oda yako.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata uzunguke chombo kizima, mwisho utarudi ngamani. Swali letu leo ni moja tu: nani anaamua ngama iko wapi?

Barua iliyomo ndani ya linki

Tuieleze bila ugumu. Linki si anwani tu. Mara nyingi hubeba na maagizo. Tukichukua jina la mfano, linki ya kawaida ya kuingia huwa hivi:

jinaletu.co.ke/ingia?rudi=/bili/maji

Sehemu ya kwanza inasema nenda kwenye ukurasa wa kuingia. Sehemu inayokuja baada ya alama ya kuuliza inasema, ukimaliza, mrudishe mteja kwenye bili ya maji. Hapo hakuna ubaya. Sasa tazama hii:

jinaletu.co.ke/ingia?rudi=https://ukurasa-wa-wezi.com

Mwanzo ni ule ule. Jina ni lile lile. Kilichobadilika ni agizo la mwisho tu, na mtu yeyote anaweza kulibadilisha. Hahitaji kuvunja chochote wala kuwa fundi mkubwa. Anaandika tu linki na kuituma. Kwenye kioo cha simu sehemu ya mwisho haionekani hata, kwa sababu linki hukatwa katikati. Na hata ingeonekana, anwani inaweza kuandikwa kwa alama za asilimia na tarakimu hadi ionekane kama takataka isiyosomeka.

Ni kama kumpakia mtoto kwenye tuktuk pale Kibuye, mfukoni ana karatasi inayosema ashushwe wapi. Ukimpa dereva unayemjua, unapumua. Lakini kama kila anayepita anaweza kuchukua ile karatasi na kuandika nyingine, wema wa dereva hausaidii kitu. Dereva mwaminifu atampeleka mtoto mahali pabaya kwa uaminifu wake wote. Kilichokosekana ni dereva kusema: "Hii anwani siijui, namrudisha kwao."

Ukurasa wetu ulikuwa dereva wa namna hiyo. Ulisoma karatasi, haukuuliza, ukaendesha.

"Mteja awe mwangalifu" haitoshi

Hapa ndipo penye msimamo wetu, na tunajua wenzetu wengine kwenye biashara hii hawatafurahi.

Kwa muda mrefu elimu ya usalama kwa wateja imekuwa orodha ya mambo ambayo mteja asifanye. Usibonyeze linki usiyoijua. Usimpe mtu PIN. Angalia jina. Angalia kufuli. Ushauri huo si mbaya na tutaendelea kuutoa. Lakini una upande wa pili ambao hausemwi: unapompa mteja kanuni ya kujilinda, wewe kampuni umeahidi kwamba kanuni hiyo inafanya kazi. Ukisema "angalia jina letu mwanzo wa linki," umesema kwamba popote jina letu lilipo, pako salama. Sisi tulisema hivyo, halafu tukaacha njia ambayo jina letu linaweza kutumika kumfikisha mtu kwa wezi. Mama alitii, na utiifu wake ndio uliomwangusha. Mtu ambaye hakuwahi kutusikiliza asingepoteza chochote kwa hila hii, maana wezi wangemtumia linki yoyote tu ya bei rahisi.

Hata lile kufuli lina hadithi yake. Kufuli linamaanisha kwamba mazungumzo kati ya simu yako na ukurasa yamefichwa yasisomwe njiani. Halisemi kwamba aliye upande wa pili ni mtu mwema. Mwizi naye anaweza kuwa na kufuli. Mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome na kuweka nyingine, kwa sababu watu wengi walikuwa wakiielewa kama cheti cha uaminifu.

Tumesikia hoja tatu za kutetea hali ilivyo, na baadhi tulizisema wenyewe kabla ya Jumatatu ile.

Ya kwanza: "Mteja aliandika siri yake mwenyewe." Ni kweli, aliandika. Lakini aliandika sekunde chache baada ya kuingia kwenye ukurasa wetu wa kweli, na ni sisi tuliomkabidhi kwa ukurasa uliofuata. Ukimwongoza mgeni hadi mlangoni kwa jirani na kumwambia ingia, huwezi kusema baadaye kwamba aliingia kwa miguu yake.

Ya pili: "Linki ilitoka WhatsApp, si kwetu." Hiyo pia ni kweli. Lakini linki ilifanya kazi kwa sababu ya ukurasa wetu. WhatsApp haikumpeleka mtu kwa wezi, ilimpeleka kwetu.

Ya tatu: "Hili ni kosa dogo, linajulikana zamani." Hapa ndipo tunaposhangaa zaidi. Linajulikana kweli. Shirika la OWASP, ambalo hutoa orodha ya hatari kumi kubwa za programu za wavuti, liliweka kosa hili nafasi ya 10 mwaka 2010 na tena mwaka 2013. Kwenye orodha ya 2017 halikuwemo tena. Wajenzi wengi wakalichukulia kama jambo lililopitwa na wakati. Lakini orodha ni ya hatari kumi tu. Kosa likitoka kumi bora halijatoka mtaani. Na kwenye pesa za simu, ambapo ukurasa mmoja tu unatenganisha mtu na mauzo yake ya wiki, hakuna kosa dogo.

Kuna wanaotuambia sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 30, iliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayetengeneza ukurasa au kutuma ujumbe wa kuwalaghai watu watoe taarifa zao. Hiyo inamhusu mwizi, akipatikana. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu sisi: inamtaka anayeshika taarifa za watu aweke ulinzi ndani ya mfumo tangu unapojengwa, asingoje mtu aumie kwanza. Tukiacha njia ya kurudi ikiamuliwa na mtu yeyote aliyeandika linki, tumeacha kazi yetu bila kuifanya.

Njia salama ikoje

Habari njema ni kwamba dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa. Tunaieleza hapa ili nawe ujue cha kuuliza, na ili wajenzi wa programu pale Kisumu, wanaotengenezea maduka na Sacco zetu kurasa za malipo, wasirudie kosa letu.

Kwanza, njia ya kurudi ikumbukwe na mwenye nyumba, si na linki. Ukifika kwenye ukurasa wetu ukitoka kwenye bili, seva yetu inaandika kwenye kumbukumbu yake kwamba ulikuwa kwenye bili. Ukishaingia, tunasoma kumbukumbu yetu wenyewe. Aliyekutumia linki hana kalamu ya kuandika humo.

Pili, ikiwa lazima agizo libaki ndani ya linki, tukubali njia za ndani tu, yaani kurasa za nyumba yetu wenyewe. Na ukaguzi uwe wa kweli. Wezi wana ujanja mwingi hapa. Anwani inayoanza na mikwaju miwili huonekana kama njia ya ndani, lakini kivinjari huielewa kama safari ya kwenda nje. Na jina kama jinaletu.co.ke.malipo-haraka.com linaanza na jina letu, lakini mwenye nyumba ni yule wa mwisho, malipo-haraka. Programu inayoangalia mwanzo tu itadanganywa kama mtu anavyodanganywa.

Tatu, kwa maduka yanayotumia huduma yetu, ambayo lazima mteja arudishwe nje, kila duka liandikishe anwani yake ya kurudia mapema. Isiyo kwenye orodha haipelekewi mtu. Na ulinganisho uwe wa anwani nzima, si kipande. Hili si wazo letu. Januari 2025 shirika la IETF, linaloandika kanuni za kiufundi za intaneti, lilitoa mwongozo wa usalama kwa mifumo ya kuingia kwa akaunti ya mahali pengine, likasisitiza kwamba anwani ya kurudia ilingane na ile iliyoandikishwa herufi kwa herufi.

Nne, ikitokea shaka yoyote, mteja apelekwe ukurasa wa mwanzo. Atakasirika kidogo kwa kuanza upya. Afadhali hasira hiyo kuliko ile ya Jumatatu asubuhi.

Kuna wajenzi wanaosema hawahitaji haya yote kwa sababu kivinjari chenyewe huuambia ukurasa mpya mtu ametoka wapi. Ni kweli mara nyingi hufanya hivyo, lakini taarifa hiyo inaweza kukosekana kabisa, na inaweza kuwa ya ukurasa wa mwizi aliyeweka linki kwake. Kujua mtu katoka wapi si ruhusa ya kumrudisha huko.

Tulipofanya mabadiliko haya, maduka kadhaa yalilalamika kwamba wateja wao hawarudi. Kila tulipokagua, tulikuta anwani ambayo duka lilibadilisha bila kutuambia. Ilichukua simu chache kurekebisha. Hiyo ndiyo bei yote tuliyolipa, na tunaona aibu kwamba hatukuilipa mapema.

Kwa wauzaji: ukurasa wa kurudi si risiti

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaowagusa ninyi mnaouza, uwe una kibanda Kibuye, meza Jubilee au duka lako liko Instagram tu.

Mteja akimaliza kulipa mtandaoni na kurudishwa kwenye ukurasa wa duka, mara nyingi ukurasa huo huandika "Malipo yamefaulu." Maduka mengine yameundwa hivi: mtu akifika kwenye ukurasa huo tu, oda inahesabiwa imelipwa. Sasa fikiria. Kama anwani ya ukurasa huo inajulikana, mtu anaweza kuiandika mwenyewe kwenye kivinjari bila kulipa hata shilingi. Ukituma mzigo kwa sababu ukurasa umesema, umetuma bure.

Malipo ya kweli hayathibitishwi na simu ya mnunuzi. Yanathibitishwa na taarifa ambayo kampuni ya malipo inaituma moja kwa moja kwenye mfumo wa duka lako, au na meseji inayoingia kwenye simu yako wewe mwenye till. Ni kanuni ile ile mnayoijua sokoni: mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake, unasubiri yako. Hujaiona, hujalipwa. Ukimlipa mtu akujengee tovuti, muulize swali hili moja: "Oda inajuaje kwamba imelipwa?" Akijibu kwamba inajua mteja akirudi kwenye ukurasa wa asante, mwambie arudi kazini.

Na wewe mteja ufanye nini?

Tumesema mzigo mkubwa ni wetu. Hata hivyo wewe bado unavuka barabara ile ile, na madereva wengine hawajabadilika. Kwa hiyo yaweke haya akilini.

Usiangalie jina mara moja tu. Liangalie tena kila ukurasa unapobadilika, hasa baada ya kuingia na baada ya kulipa. Ulipoingia si lazima ndipo ulipo.

Ukiambiwa neno la siri si sahihi na una uhakika uliandika sawa, usijaribu tena pale pale. Funga ukurasa. Fungua upya kwa kuandika anwani mwenyewe au kwa kutumia programu iliyo kwenye simu yako.

Usiingie kwenye akaunti ya pesa kupitia linki ya meseji, hata ikiwa na jina letu. Njia unayoifungua mwenyewe ndiyo unayoijua.

Unapolipia duka la mtandaoni kwa M-Pesa, PIN huombwa na simu yenyewe, kwenye kile kisanduku kinachojitokeza kwenye kioo. Ukurasa wa duka ukikuonyesha nafasi ya kuandika PIN ya M-Pesa, toka humo mara moja. Na kwenye kile kisanduku, soma jina na kiasi kabla ya kuweka PIN. Sekunde tano tu.

Namba ya uthibitisho inayoingia kwa meseji ni kama ufunguo. Soma meseji yote, si tarakimu peke yake. Ikisema mtu anaingia kwenye akaunti yako na wewe hujui habari hiyo, usiiandike mahali popote.

Ukishatapeliwa, usikae na aibu. Piga simu kwa kampuni yako ya malipo dakika hiyo hiyo, maana pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuifuata. Ukiwa Safaricom, namba ya tapeli unaweza kuituma kwa 333 bila malipo. Na tunza ile linki, usiifute. Bila linki ya yule mama tusingejua kamwe kosa letu lilikuwa wapi. Tungemwambia awe mwangalifu zaidi, naye angerudi sokoni akiamini kwamba yeye ndiye mjinga.

Hilo ndilo linalotusumbua mpaka leo. Ni wangapi kabla yake waliambiwa hivyo, na sisi au na wengine, wakakubali lawama isiyo yao? Hatuna njia ya kuwajua wote. Kama wewe ni mmoja wao, na bado una meseji ile kwenye simu, ilete. Meza yetu ya Kibuye iko wazi Jumatatu hadi Jumamosi. Tutaikagua pamoja nawe, hatua moja baada ya nyingine, na ikionekana njia ilikuwa yetu, tutasema hivyo.

Na kama unatumia kampuni nyingine, Sacco au duka la mtandaoni, waulize swali tulilouanza nalo: nikimaliza kulipa, nani anaamua ninarudishwa wapi? Si swali la mafundi. Ni swali la mwenye pesa, na una haki ya kujibiwa.